Makopa ya Jumapili ya Mavuno

Kila asubuhi Jenipher alifagia uwanja, akachota maji, akawafungulia mbuzi, ndipo akavaa sare kwenda shule. Mbuzi ndio waliomchelewesha. Ilibidi awazungushe mbali, nyuma ya choo, wasikaribie pipa ambamo mama yake aliloweka muhogo mchungu.

"Jenipher! Wewe! Mbuzi!" mama yake alipiga kelele kila siku, hata mbuzi wakiwa mbali. "Wakiyanywa hayo maji hatuna mbuzi tena!"

"Nimewaona, mama."

"Umewaona kwa macho au kwa mdomo?"

Kijiji chao kiko vilimani, juu ya Kiranjeranje, na huko muhogo ni wa aina mbili. Mtamu hutafunwa hata mbichi. Mchungu hupandwa mpakani mwa shamba kwa sababu nguruwe wa porini hawaupendi, na hawaupendi kwa kuwa una sumu. Muhogo huo humenywa, ukalowekwa siku kadhaa mpaka ulainike, kisha ukaanikwa juani mpaka ukauke kabisa. Hapo ndipo unapokuwa makopa ya kutwanga unga. Jambo hilo halina mjuaji wala mjinga kijijini. Jenipher alilijua kama anavyolijua jina lake.

Mwaka huo, akiwa darasa la sita, Jenipher alichaguliwa kuwa mwenyekiti wa Utoto Mtakatifu, chama cha watoto wa Kikatoliki pale kigangoni. Alikipenda cheo. Alipenda watoto wadogo wanyamaze akiinua mkono. Alipenda kusikia watu wazima wakisema, "Tumuulize mwenyekiti."

Siku moja baada ya mafundisho, Katekista Kornelio aliwaambia watoto kwamba Jumapili ya mavuno inakaribia. Akina mama wangeleta tenga lao, akina baba lao, na watoto lao.

"Tenga la watoto litakwenda kwa Bibi Biasha," alisema. "Tembo wamemaliza shamba lake lote, na ana mjukuu wa kulea."

Anthony, kijana mwenye mdomo mwepesi, akainua mkono. "Katekista, si Bibi Biasha ni Mwislamu?"

"Ni Mwislamu. Na njaa yake je, ni ya dini gani?"

Watoto wakacheka, Anthony naye akacheka. Jenipher akasimama kabla hajaitwa. "Tenga letu litawashinda hata akina mama!" alisema kwa sauti. Watoto wakapiga makofi.

Katekista akamtazama kidogo. "Hatushindani, mwanangu. Tunamlisha mtu."

Lakini makofi yalikuwa yameshaingia masikioni, na maneno ya Katekista hayakupata pa kukaa.

Watoto walileta walichokuwa nacho. Huyu bakuli la mbaazi, yule ufuta kiganjani, wengine makopa machache waliyopewa na mama zao. Mwaka ulikuwa mgumu. Tenga likabaki chini chini.

"Mwenyekiti," Anthony alimwambia njiani, "tenga lako lina njaa kuliko Bibi Biasha!"

Wenzake wakacheka mpaka wakashikana mabega. Jenipher akawapita mbio. Jioni ile ile alichukua jembe akaenda mpakani mwa shamba lao, akang'oa muhogo mchungu. Akaumenya, akaukata vipande vyembamba, akauanika juu ya jabali lililo upande wa pili wa mto mkavu, mahali ambapo mama yake hapiti. Kuuloweka hakuuloweka. Siku za kuloweka hazikuwepo, Jumapili ilikuwa mlangoni.

"Jua la mwezi wa saba kali," alijiambia. "Litamaliza kila kitu."

Kweli, vipande vilikauka. Ukivivunja vinalia. Vilikuwa vyeupe kama vya watu wote. Jenipher akavimimina ndani ya tenga, akatandaza juu yake makopa ya wenzake, mbaazi na ufuta. Tenga likafura mpaka juu.

Jumapili ngoma zilipigwa, na watoto wakaingia kanisani wakicheza, tenga lao limebebwa na watu wawili kwa uzito. Vigelegele vilipasua paa. Katekista Kornelio alisema, "Leo watoto wametufundisha kutoa," na Jenipher akainamisha kichwa kama mtu mnyenyekevu.

Nje ya kanisa mama yake alilitazama tenga, akamtazama yeye. "Haya yote yametoka kwa watoto?"

"Ndiyo, mama. Kila mtu kaleta."

Mama yake Jenipher ni mtu wa kuuliza jambo mara mbili, hata mara tatu, mpaka umchoke. Siku hiyo aliuliza mara moja tu. Furaha ya kusifiwa mtoto ilimziba mdomo, na mpaka leo hajajisamehe.

Kesho yake, Jenipher akienda shule, alisikia mchi kwa Bibi Biasha. Tu. Tu. Tu. Bibi alikuwa anatwanga uwanjani. Fauzia, yule mjukuu, mtoto ambaye hata meno hajamaliza kuota, amekaa kando ya kinu, uso mweupe kwa unga.

"Dada Jeni!" Fauzia aliita, akapunga mkono.

Miguu ya Jenipher ilisimama yenyewe. Mdomo wake ulifunguka. Aseme nini? Akisema hili, itabidi aseme na lile. Watamvua uenyekiti. Anthony atatunga wimbo.

"Karibu, mwanangu," Bibi Biasha alisema, akijifuta jasho. "Waambie wenzako Mungu awalipe. Sijapata kupewa hivi."

"Shikamoo, bibi," alisema Jenipher, akaondoka mbio kabla hajaitikiwa.

Darasani chaki ilikuwa makopa. Vumbi la ubao lilikuwa unga. Mapumziko, Mzee Abdulrahmani alipita mbele ya shule, na fimbo yake ikigonga chini. Mzee huyo hutembea kwa vidole vya miguu, magoti yamekunjwa, mguu mmoja ukiuvuka mwingine kama mkasi. Kila mtoto kijijini anajua sababu. Alipokuwa mdogo, mwaka wa njaa, kwao hawakuweza kusubiri muhogo ulowane. Wakala hivyo hivyo siku baada ya siku. Asubuhi moja akaamka miguu haimtii, na haikumtii tena.

Jenipher aligeuza uso asimwone. Lakini aliendelea kuisikia ile fimbo hata mzee alipokwisha kupotea kwenye migomba. Na kila ilipogonga, aliiona miguu ya Fauzia.

Nyumbani Jenipher aliusukuma ugali kando. Mama yake akamshika paji la uso. "Unaumwa?"

"Hapana."

"Mtu amekufanya nini? Niambie."

"Hakuna kitu, mama. Kesho nitakula."

Kesho ilipofika, kwa Bibi Biasha hakukuwa na mchi. Jenipher alisimama njiani, akatega sikio. Mlango ulikuwa wazi nusu. Kuku alikuwa anaingia ndani na kutoka, anaingia na kutoka, na hakukuwa na mtu wa kumfukuza.

"Hodi," Jenipher alisema kwa sauti ndogo. "Hodi, bibi."

"Hawapo!" Mama Salima, jirani, aliita kutoka uwanjani kwake. "Fauzia katapika tangu alfajiri, mtoto kalegea kama kitambaa. Wamepakiwa kwenye pikipiki, bibi na mjukuu, wamekwenda zahanati. Malaria hiyo."

Jenipher alitaka kujibu, lakini macho yake yalikuwa yameshaona kitu miguuni pa Mama Salima. Makopa, yametandazwa kwenye mkeka.

"Hayo ya nani, mama?"

"Haya? Kanigawia bibi mwenyewe. Bakuli kwangu, bakuli kwa Mzee Abdulrahmani, bakuli kwa wale wa ng'ambo ya mto. Nikamwambia, bibi, wewe ndiye umepewa, tulia ule. Hasikii! Ana moyo yule, jamani. Nataka niyatwange sasa hivi."

"Usitwange!"

Mama Salima aliruka. Jenipher alikuwa ameshapiga magoti kwenye mkeka, anayakusanya makopa kwa mikono miwili, yanamponyoka. "Ni ya mpakani, mama. Sikuyaloweka. Nilitaka tenga lijae. Mama, sikuyaloweka!"

Mama Salima akashika kichwa. Hakumpiga. "Yesu na Maria," alisema taratibu, yeye ambaye ni Mwislamu. Kisha akapiga kelele: "Kimbia kwa Katekista! Simu! Waambie zahanati! Mimi nakwenda ng'ambo."

Simu ya Katekista Kornelio hushika mtandao mahali pamoja tu, kwenye kichuguu nyuma ya kanisa, nayo spika yake ya sikioni imeharibika. Ukiongea, wote waliopo wanasikia. Asubuhi hiyo akina mama walikuwa wanafagia kanisa, na mama yake Jenipher alikuwa miongoni mwao. Walimwona mtoto akija anakimbia bila viatu, wakamfuata kichuguuni.

Katekista alisikiliza maneno machache tu, akapiga namba ya zahanati. Muuguzi akapokea.

"Huyo mtoto tumempima malaria, hana," alisema muuguzi. "Tulikuwa tunampa dawa ya tumbo arudi nyumbani. Muhogo, unasema? Ni nani aliyeutengeneza? Nipe aongee mwenyewe."

Katekista akamnyooshea simu. Jenipher aliishika, akawaona watu wote wale waliompigia vigelegele.

"Uliuloweka?" simu iliuliza.

"Hapana."

"Sauti, mwanangu, sikusikii."

"Sikuuloweka!" Jenipher alilia. "Niliuanika tu juu ya jabali. Nikauchanganya na mzuri!"

Ufagio ulianguka chini. Ulikuwa wa mama yake.

"Umefanya vyema kusema," alisema muuguzi. "Tunampeleka hospitali sasa hivi. Kusanyeni makopa yote, mtu asile hata kipande." Simu ikakatika.

Katekista alitaka kuwatuma vijana nyumba kwa nyumba, lakini Jenipher akafuta uso kwa kiganja. "Nitakwenda mimi," alisema. "Vijana hawajui niliyaficha vipi."

Mama yake alimfuata nyuma bila kumshika mkono na bila kumwacha.

Kwa Mzee Abdulrahmani walimkuta kibarazani, bakuli mapajani. Alikuwa ameonja kipande kimoja, akakitema.

"Uchungu huu naujua," alisema kabla hawajasalimia. "Nimekaa hapa najiuliza, ni nani katika kijiji hiki amesahau."

"Ni mimi, babu. Shikamoo."

Mzee hakuitikia. Aliigusa miguu yake kwa fimbo. "Unaiona hii?"

"Naiona, babu."

"Basi mimi sina la kuongeza. Chukua bakuli. Nenda nyumba nyingine, upesi."

Wakaenda. Makopa yote yakakusanywa, mazuri na mabaya, maana hakuna aliyeweza tena kuyatenganisha, yakafukiwa kwenye shimo refu. Chakula cha watoto wote wa kigango kikazikwa kwa ajili ya vipande vya mtu mmoja.

Siku zile za kungoja habari, Jenipher hakulala vizuri wala hakuamka vizuri. Alimwomba Mungu kwa maneno yale yale mpaka yakaisha ladha. Mama yake alimsikia, akaomba yake chumba cha pili. Kisha habari ikaja kwamba Fauzia ameketi, ameomba uji. Mama Jenipher alikaa chini hapo hapo jikoni, akacheka, akalia.

Fauzia alirudi, mwembamba, macho makubwa. Jenipher, mama yake na Katekista Kornelio walikwenda kuwaona. Mama alibeba unga wa muhogo aliouloweka, akauanika na kuutwanga mwenyewe. Fauzia alipomwona Jenipher alijificha nyuma ya bibi yake.

Jenipher akapiga magoti. "Nisamehe, bibi."

Bibi Biasha akamvuta Fauzia karibu. "Na mimi nina langu," alisema. "Ugali ule niliuona mchungu. Nikaona haya kusema. Watu wamenipa, wamecheza na ngoma, mimi nianze kulalamika? Nikamlisha mtoto." Akamgeukia Jenipher. "Nimekusamehe. Lakini tangu leo, ukileta kitu katika nyumba hii, kiwe kidogo kiwe kikubwa, unakaa unakula na sisi. Wewe kwanza."

"Ndiyo, bibi."

"Katekista," Jenipher alisema bila kuinua uso, "uenyekiti mpe Anthony."

"Anthony amekuja kwangu jana, ameukataa. Anasema yeye asingeweza kugonga milango ile." Katekista Kornelio akavuta kigoda karibu. "Nisikilize. Toleo halipandi mbinguni kama moshi, mwanangu. Linaingia tumboni kwa mtu. Mungu hakulila tenga lako, Fauzia ndiye aliyelila. Bwana wetu Yesu alikuwa mkubwa wa wanafunzi wake wote, akachukua beseni akawaosha miguu, na alitazama miguu yao, hakutazama nani anamwangalia. Wewe ulitazama makofi. Siku ya vigelegele hukuwa kiongozi wa mtu. Ulianza kuwa kiongozi pale kichuguuni, uliposema kwa sauti. Ungesema siku moja mapema, mtoto huyu asingeumwa. Liweke hilo moyoni, lakini lisikuzuie kazi. Mpe mtu kile ambacho ungekila mwenyewe. Ukiona huna, sema huna. Bakuli dogo la kweli linamtosha Mungu, na haliui mtu."

Mama Jenipher alisonga ugali, akauweka katikati ya mkeka. Hakuna aliyenyoosha mkono. Jenipher alinawa, akamega tonge, akalitia mdomoni. Fauzia alichungulia kutoka nyuma ya kanga ya bibi yake, akamkazia macho, akamtazama anavyotafuna, akamtazama mpaka alipomeza. Alisubiri kidogo zaidi, kama anayesikiliza.

Kisha akatoka, akakaa kwenye mkeka, mbali kidogo na Jenipher, akanyoosha mkono.