Beseni Juu ya Ikweta

Jumamosi ile mstari wa ikweta ulikuwa umefurika watu. Wageni walipigana vikumbo ili wapigwe picha, mguu mmoja kaskazini na mwingine kusini, na katikati ya msukosuko huo Jimena Toapanta alikuwa akihangaika kuwakusanya wanafunzi wake. Alikuwa mwalimu wa fizikia katika shule ya serikali ya kusini mwa Quito. Siku hiyo alivaa koti jekundu la sufu, nywele kazibana nyuma, na uso wake ulikuwa wa mtu asiyependa kufanywa mjinga.

Mwongozaji wa makumbusho yaliyojengwa pale mstarini aliitwa Edison Cuenca, kijana mrefu, shati jeupe limenyooshwa pasi, kofia ya ukindu kailaza upande. Aliweka beseni hatua chache kaskazini mwa mstari, akamimina maji, akachomoa kizibo. Maji yakazunguka kushoto. Akalihamishia kusini, na huko maji yakazunguka kulia. Watu wakapiga makofi.

"Naomba nimimine mimi," Jimena alisema.

"Karibu, señorita. Lakini maji ya hapa hayachagui mkono."

"Basi tuone."

Jimena aliyamimina kwa ubavu wa pili wa beseni. Kusini palepale, maji yakazunguka kushoto. Wanafunzi walicheka mpaka mmoja akakaa chini.

"Yanafuata mkono unaoyamimina," Jimena aliwaeleza wageni. "Beseni ni dogo mno, halijui dunia inavyozunguka."

Edison alitabasamu kama mtu aliyekanyagwa kidole na mkwewe.

Jumatatu Edison alikuwa langoni mwa shule, mikononi koni mbili za espumilla, povu tamu la mapera linalofanana na aiskrimu.

"Umekuja kugombana?" Jimena aliuliza.

"Nimekuja kusoma, Mwalimu. Masikio yangu bado yanawaka."

"Yapoze na hiyo espumilla."

"Espumilla haina baridi, huo ni utamu tu. Leo na mimi nimekukamata."

Jimena alitaka kununa, kicheko kikamtoroka. Tangu siku hiyo mambo yakaenda mbio. Jioni walitembea mji mkongwe wamejifunika shali moja, na wakiachana tu simu inalia.

"Umelala, Mwalimu wangu?"

"Aliyelala hupokea simu?"

"Nieleze tena kwa nini anga ni bluu."

"Nilishakueleza jana, Edison."

"Jana nilikuwa nasikiliza sauti, maneno yakanipita."

Lakini kulikuwa na jambo moja ambalo Jimena hakulifanyia mzaha. "Uache kudanganya watu na lile beseni," alimwambia. "Mimi nawafundisha watoto wasimeze kila wanachoambiwa. Siwezi kuolewa na mtu anayekula kwa uongo."

"Nitaacha, mpenzi. Nakuahidi."

Haukupita muda, mwalimu mwenzake Jimena akarudi kutoka ikweta akiringia video aliyopiga. Edison yuleyule, beseni lilelile, maji yanazunguka, makofi. Video ikaishia hapo. Jimena aliona uso wake unawaka moto, akapiga simu hapohapo.

"Uko wapi?"

"Kazini, roho yangu."

"Na beseni?"

"Lipo, lakini nisikilize kwanza—"

"Makofi nimeshayasikia." Akakata.

Edison alipiga, akapiga tena, simu haikupokelewa. Mwishowe akatuma ujumbe: *Njoo Jumapili, usikilize mpaka mwisho. Ukitaka kuniacha, uniache baada ya hapo.*

Jimena alikwenda kumwacha macho kwa macho. Alijiremba kabisa, gauni la kijani na hereni za fedha, ili mtu ajue anachokipoteza. Akasimama nyuma ya umati, kando ya Doña Piedad, mwenye makumbusho. Mbele, Edison alimimina, akachomoa kizibo. Maji yakazunguka, makofi yakalia. Jimena akageuka aondoke.

"Sasa," Edison alisema, "nimewadanganya. Nani ameona nilivyofanya?"

Jimena alisimama. Watu wakaanza kubishana, wakalivamia beseni, kila mmoja anataka kumimina kwa mkono wake.

"Alinijia akasema nimfukuze au nimwache aseme kweli," Doña Piedad alinong'ona. "Nilikaribia kumfukuza."

"Mbona hukumfukuza?"

"Si unawaona? Siku hizi hawataki kuondoka."

"Mwalimu wa shule ya serikali ndiye aliyenikamata, hapahapa, mbele za watu," Edison aliendelea. "Nilitahayari, na leo najivunia. Hatuna haja ya uongo hapa. Dunia imevimba kiunoni, na kiuno hicho kinapita kwetu. Ndiyo maana kilele cha mlima wetu Chimborazo ndicho kilicho mbali kuliko vyote na kitovu cha dunia. Kipimeni mtakavyo."

Jimena alijaa fahari. Alitaka kumwambia kila aliyekuwa pale kwamba yule ni wake. Alipenya umati mpaka kwenye beseni, akasimama mbele ya Edison.

"Nilikukatia simu kabla hujamaliza," Jimena alisema. "Nisamehe."

Edison alivua kofia. Vidole vyake vilikuwa bado vinachuruzika maji. "Jimena, mbele ya mashahidi hawa wote, utakubali nikuoe?"

Wageni walishusha simu zao, wakasubiri.

"Ulipowaambia watu hawa umewadanganya, nilikuwa nimeshakubali," Jimena alisema. "Ulikuwa hujaniuliza tu."