Mtego wa Halfweg

"Miwani ya mjane iko tayari. Ipeleke Amsterdam Jumanne."

Amri ilifika ndani ya mkate. Machteld Teunis aliisoma mara moja, kisha akaitafuna pamoja na mkate wenyewe.

Mjini Haarlem watu walimjua kama fundi wa miwani, mwanamke mkimya wa miaka thelathini na minne. Hawakujua kwamba kwa miaka sita alikuwa mjumbe wa siri wa wafuasi wa Mwalimu, yule aliyefundisha kuwa Mungu si mfalme mwenye hasira aliyeketi mawinguni, bali vyote vilivyopo vimo ndani yake. Mwalimu alikuwa ameshakufa. Barua zake, ndizo hiyo "miwani ya mjane", zilisubiri kuchapwa kwa siri, na pembeni mwa kurasa yalikuwa yameandikwa majina ya watu kumi na wanne walio hai.

Kaka yake Machteld aliandika kitabu kimoja tu.

Alifia gerezani.

Jumanne, saa tatu asubuhi, mashua ya abiria iliondoka Haarlem ikikokotwa na farasi ukingoni mwa mfereji. Machteld aliketi dirishani, sanduku la lenzi mapajani. Mikono yake ilikuwa ndani ya kifuko cha manyoya. Bastola ilikuwa humo humo.

Mwanamume akaketi mbele yake. Akavua kofia.

Lambert van Eck.

Zamani alikuwa mwenzao. Kila Alhamisi alisoma nao chumbani kwa kaka yake Machteld. Kisha akaenda Italia, akabadili dini, na sasa aliwawinda kwa niaba ya wakubwa asiowataja.

"Hujambo, Machteld."

"Sijambo. Umenenepa."

"Italia watu wanakula, si kama nyie na siagi yenu."

"Na kukaa usipoitwa, wamekufundisha huko huko?"

Akacheka. Joho lake likafunguka kidogo, mdomo wa bastola ukachungulia.

"Usijisumbue kushuka njiani. Tuzungumze tu mpaka Halfweg."

Halfweg, katikati ya njia, mfereji hukatika, na kila abiria hushuka na kuvuka kwa miguu hadi mashua ya pili. Machteld akaelewa. Askari wangekuwa pale.

"Haya," alisema. "Zungumza."

"Mungu wako hasikii maombi. Kaka yako alipokufa, ulimlilia nani?"

"Sikumlilia mtu. Nililia tu."

"Mimi nilishindwa kuishi hivyo. Nilitaka mtu anayenisikia."

"Unamtafuta Mungu kama mtu aliyesimama Haarlem anaulizia Uholanzi iko wapi."

"Na ukiwa mpweke, hiyo Uholanzi inakukumbatia?"

Swali lilimchoma. Dada yake kule Delft alimrudishia kila barua bila kuifungua. Wateja walimwuliza habari za macho, basi. Miaka mitatu ilikuwa imepita bila mtu kumwuliza anafikiri nini. Na leo aliyeuliza alikuja kumfunga.

"Hainikumbatii," alijibu. "Ila hainidanganyi."

Wakabishana njia nzima. Wakakatizana, wakacheka, Lambert akapiga goti lake kama enzi zile. Mzee mmoja aliyevuta kiko akawaambia, "Nyie mke na mume, punguzeni sauti!" Hakuna aliyemsahihisha.

Halfweg.

Askari watatu gatini.

"Huyu hapa," Lambert alisema, macho chini. "Sandukuni."

Ofisa wao akalivunja sanduku. Lenzi zikamwagika kwenye mawe. Akapasua bitana, akagonga kitako. Mke wa ofisa akaitwa kutoka kibanda cha walinzi, akampekua Machteld mpaka soksi. Bastola ikapatikana.

"Ya nini?"

"Nasafiri peke yangu, bwana. Wanaume hunifuata."

Askari mmoja akaguna kwa kicheko, akimtazama Lambert.

Wakati huo wachukuzi walikuwa wakihamisha mizigo. Wawili walipita na pipa la mikunga lililosafiri sehemu ya mbele ya mashua ile ile, hatua mbili tu nyuma ya kisogo cha Lambert. Wakalipakia mashua ya pili. Farasi akapigwa mjeledi. Gatini Amsterdam, Mzee Sybrand, muuza vitabu, alizisubiri barua zilizofichwa chini ya mikunga.

"Hakuna kitu," ofisa alifoka. "Bwana van Eck, umeniondoa nilipokuwa naota moto kwa ajili ya miwani?"

Lambert aliitazama mashua ikipotea. Uso ukamshuka.

"Ulinizungumzisha ili nisiangalie nyuma."

"Na wewe ulinizungumzisha ili nisishuke."

"Kwa hiyo yote yalikuwa uongo?"

"Hapana," Machteld alisema. "Hilo ndilo baya."

Akaokota lenzi mbili ambazo hazikupasuka. Sura yake sasa ilijulikana. Dukani kwa Sybrand hangekanyaga tena, wala chumba cha Alhamisi, wala Haarlem. Wale kumi na wanne wangelala vitandani mwao bila hata kumjua jina.

Akainua ukosi wa koti, akashika njia ya kusini juu ya tuta, upepo ukimpiga ubavuni.

Lambert alimwita mara moja.

Hakugeuka.