Kundi la Wepesi

Kijana aliingia kibandani bila hodi, mkono mmoja umeshika nyuma ya suruali.

"Dada, niokoe. Msumari umenirarua, na sasa hivi natakiwa kazini."

Nje, mtaa wa Pipeline ulichemka kwa wauza nyanya na honi za bodaboda. Rufaida aliinua macho kutoka kwenye cherehani. Dera lake la zambarau lilikuwa pana, lingewatosha watu wawili.

"Vua."

"Hapa?"

"Kwani nikushonee ukiwa ndani, nikudunge?" Akamrushia leso. "Jifunge hiyo, ugeukie ukuta."

Wateja wawili wakaangua kicheko. "Bibi harusi," mmoja akasema, "leso imekupenda!"

Kesho yake kijana yule, Junaid, alirudi na suruali nyingine. Rufaida akaigeuza huku na huku. "Hii haina tundu."

"Tundu liko moyoni mwangu, fundi."

Basi wakaanza kupigiana simu asubuhi na jioni.

"Kazi yako hasa ni ipi, mpenzi?"

"Nakaa mbele ya kompyuta."

"Hata paka anaweza kukaa mbele ya kompyuta."

Junaid alicheka, lakini hakueleza. Alikuwa mchujaji wa maudhui. Alisoma machapisho ya Kiswahili na Sheng yaliyoripotiwa kwenye mtandao wa kijamii, akaamua yabaki au yafutwe. Alikuwa ametia saini kazini kwamba hatamwambia mtu.

Jambo moja lilimkera. Kila alicholeta kibandani, viazi karai au mahamri ya moto, Rufaida alishukuru, kisha akawagawia wateja.

"Huvipendi vyakula vyangu," alimuuliza kwa simu, "au hunipendi mimi?"

Rufaida akaamua kumweleza.

"Naogopa kula, Junaid. Miaka sasa. Nashinda nikipima viuno vya watu, nikifika nyumbani najipima mwenyewe. Kulikuwa na kundi mtandaoni, likiitwa Wepesi. Wengine humo walifundishana kujinyima, sikatai. Lakini humo ndimo alimokuwa Muhiba. Sura yake siijui. Kila jioni aliniandikia, 'Mwenzangu, leta sahani yako, nami nilete yangu.' Nikala kwa ajili yake. Kisha kundi likafutwa. Hata sijui kama yu hai."

Wepesi. Junaid alilikumbuka. Yeye ndiye aliyesoma yaliyoandikwa mle, akatishika, akalifuta. Baada ya kufuta kulikuwa na hatua ya pili: kumtumia kila mwanachama ujumbe na nambari ya watu wa kumsaidia. Hatua hiyo ilichelewesha, na kazini walipimwa kwa kasi. Aliiruka.

"Nitakupigia," akasema.

Hakupiga wiki ile, wala iliyofuata. Mwishowe Rufaida akamwandikia: "Sikulaumu. Mwanamume anataka mke atakayekula pilau ya harusi yake."

Junaid alikwenda mbio hadi kibandani, shati limemganda mgongoni.

"Sikukukimbia wewe, Rufaida. Nimekimbia aibu yangu. Kundi lile nililifuta mimi."

Cherehani ikanyamaza.

"Wewe?"

"Mle mlikuwa na mtoto wa shule akifundishwa kuvumilia njaa. Ningeliacha?"

"Usingeliacha." Machozi yalimlenga. "Hata mimi nilimwogopea mtoto yule, na nikanyamaza. Lakini mlitutoa bila kutuambia twende wapi. Muhiba alikwenda wapi, Junaid?"

"Sijui. Ningeweza kuwatumia ujumbe. Nikauruka ili nimalize upesi."

Rufaida aliupiga uzi fundo, akaukata kwa meno.

"Niahidi jambo moja dogo. Usimfungie mtu tena bila kumwonyesha pa kwenda."

"Naahidi. Na wewe? Twende kliniki pamoja. Nitakungoja nje, au ndani, utakavyo."

"Nje," alisema. Kisha, kwa sauti ndogo, "Lakini karibu na mlango."

Walikwenda. Hakupona siku ile, ila alipewa miadi mingine, naye akaipokea. Njiani akamtania: "Jumapili wazee wako wakileta posa, mjomba atauliza kazi yako kwanza. Usimwambie unakaa kama paka."

Alhamisi, kundi jingine kama Wepesi likaangukia kwa Junaid. Alilifuta. Kisha akaanza kuwaandikia wanachama, jina baada ya jina: "Ndugu yangu, tumelifunga kundi kwa sababu lilikuwa linaumiza. Wewe hatujakutupa. Watu hawa watakusikiliza." Chini akaweka nambari.

Owen, msimamizi wake, akaja kusimama nyuma ya kiti.

"Foleni yako ya machapisho imejaa, bro. Si kuna ujumbe wa Kiingereza tayari?"

"Hawa wanalia kwa Kiswahili."

"Kesho wanaamua nani aongezewe mkataba. Kwa kasi hii sitaweza kukutetea. Ruka hao."

Akilini Junaid alimwona mjomba wa Rufaida sebuleni, akiuliza swali lake mbele ya wazee.

"Nimekuelewa, bosi," akasema, akafungua jina lililofuata, akaanza kumwandikia.