Jiwe Lenye Tundu

Mkwiro ni kisiwani, na maji matamu ni shida. Ukichimba kisima, unapata maji ya chumvi. Watu hukinga mvua kwenye jabia, yaani tangi la saruji lililojengwa ardhini. Jabia la zamani lilikuwa limepasuka. Kamati ya maji iliposema itajenga jipya, kila mtu alifurahi.

Mwanasiti naye alifurahi, mpaka aliposikia litachimbwa wapi.

"Karibu na kaburi kubwa?" alimuuliza mumewe, Haji.

"Nyuma yake." Haji alikuwa akipara samaki. Hakuinua uso. "Bwana Abdulrahman anasema pale hapana kitu. Vichaka tu."

"Baba Suleiman, pale si vichaka tu."

Haji aliendelea kupara samaki ambaye alikuwa hana gamba tena.

Suleiman alikuwa mtoto wao wa kwanza. Alifariki kabla hajajua kutambaa, miaka mingi iliyopita. Alizikwa nyuma ya kaburi kubwa la wazee. Kaburi lake halikuandikwa kitu. Liliwekwa mawe mawili tu, kichwani na miguuni, kama makaburi mengi ya pale. Mwanasiti hakuwahi kuliona. Mkwiro wanawake hawaendi kuzika.

Haji alikwenda kwa Abdulrahman, mwenyekiti wa kamati.

"Sikatai kwamba mtoto alizikwa," Abdulrahman alisema. "Lakini nakumbuka ni kule juu, karibu na njia. Mpima ardhi anakuja Alhamisi. Kwenye ramani yake pale hapana kaburi. Kama lipo, mwonyeshe."

"Nimwonyeshe vipi?"

"Mwite Muhsina. Amefunzwa Msambweni kurekodi mahali pa kale kwa simu. Akupigie picha."

Muhsina alikuwa binti wa jirani. Aliahidi kuja Jumatano asubuhi.

Jumanne Haji alichukua panga na ndoo ya chokaa. Kila mwaka kabla ya ziara ya kuwaombea wafu, watu wa ukoo husafisha makaburi. Mgeni hakaribishwi kwenye uchafu, na picha ni mgeni. Alifyeka vichaka. Aliokota mawe yote akayapanga vizuri kando ya ukuta unaozunguka makaburi. Alipaka kaburi kubwa chokaa mpaka likang'aa.

Asubuhi Muhsina akafika.

"Shikamoo, ami."

"Marahaba, mwanangu. Umeona palivyopendeza?"

"Umelipamba kama bibi harusi!" Muhsina alicheka. Kisha akaacha kucheka. "Ami, yale mawe ukutani umeyatoa wapi?"

"Yalikuwa yametapakaa chini."

"Yametapakaa, au yalikuwa yamesimama?"

Haji alilitazama lile rundo. Akaitazama ardhi iliyo wazi. Akakaa chini.

"Nimeng'oa jiwe la mwanangu," alisema.

Mwanasiti alikuwa amesimama nje ya ukuta. Alisikia.

"Lipi ni lake?" aliuliza.

"Sijui."

"Wewe ndiye uliyemzika, Haji!" Hakuwa na desturi ya kumwita kwa jina. "Mimi sikuwepo. Kama wewe hujui, nani anajua?"

Haji aliruka akashika jiwe. Muhsina akamzuia.

"Usilirudishe kwa kubahatisha, ami. Ukikosea tutarekodi uongo, na uongo ukiingia kwenye ramani hautoki."

"Sasa nifanye nini? Mpima yuko hapa kesho!"

"Usiguse kitu tena. Kusafisha kwanza ni kosa la wengi. Picha ya kwanza hupigwa mahali pakiwa vilevile palivyo, na nyasi zake na nyufa zake. Kusafisha hufuata, kwa makubaliano. Niambie, nani walikuwepo mazishini?"

"Wengi wamekwisha kufa. Yupo mmoja aliyeshuka kaburini kumpokea mtoto."

"Nani?"

"Abdulrahman."

Mwanasiti hakusubiri. Alijifunga kanga vizuri akaenda mwenyewe kwa mwenyekiti, kumwita aje makaburini alfajiri. Usiku ule hakuna aliyekula nyumbani kwao.

Alhamisi, baada ya swala ya alfajiri, walikutana makaburini. Jua lilitoka likapiga ardhi kwa ubavu.

"Sasa tazameni," Muhsina alisema. "Jua likiwa chini, vivuli vinasema."

Kweli. Jua likiwa juu, ardhi ile ilionekana tambarare. Sasa mabonde madogo yalijitokeza, yamepangwa safu. Muhsina aliweka rula chini ili ukubwa ujulikane. Akazunguka polepole akipiga picha, kila picha ikishika kipande cha ile iliyotangulia, ili baadaye ziunganishwe kuwa kitu kimoja.

Kisha alimwita Haji peke yake. Haji alionyesha bonde moja. Muhsina akalipiga picha.

Akamwita Abdulrahman. Mwenyekiti alisimama kwenye pembe ya kaburi kubwa. Akahesabu hatua kimoyomoyo kuelekea kibla, akasimama kwenye bonde lilelile.

"Ni hapa," alisema. "Si kule juu. Nilishuka hapa. Alikuwa mwepesi mno."

Alikwenda kwenye rundo, akageuza mawe, akatoa moja lenye tundu.

"Hili nililitoa pwani mimi mwenyewe. Nilichagua lenye tundu ili nisilisahau. Nami nikalisahau."

Alilisimamisha. Likaingia kwenye shimo lake na kukaa.

Nje ya ukuta, Mwanasiti alifuta macho kwa kanga.

"Mama, naomba ruhusa," Muhsina alimwambia. "Jina lake niliandike?"

"Watu wote wataliona?"

"Ukitaka. Usipotaka, ramani itasema 'kaburi la mtoto' tu. Jina litabaki kwenye nakala ya kijiji."

"Libaki kwetu."

"Na yale mengine?" Haji aliuliza. "Mengi hatuyajui ni ya nani."

"Tutaandika kwamba hatujui, mpaka wazee wengine waulizwe. Nakala moja itakaa msikitini, moja kwa kamati, moja kwa watu wa mambo ya kale. Simu ikianguka baharini, haya yasizame nayo."

Mpima alipofika alizitazama picha kwa muda mrefu. Akayaendea mabonde, akainama. Kisha akamgeukia Abdulrahman.

"Mwenyekiti, ulisema hapana kitu."

"Nilisema," Abdulrahman alijibu. "Sasa nasema pana watu."

Vigingi vya kuonyesha mahali pa jabia vilihamishwa upande wa pili wa msikiti.

Mvua za masika zilipokuja, jabia jipya lilijaa. Ziara ilipokaribia, Haji alikwenda makaburini na simu ya Muhsina kwanza. Panga alilichukua baadaye. Alirudi nyumbani akamkuta Mwanasiti akimimina maji mtungini.

"Njoo uone," alisema.

Mwanasiti alikausha mikono. Kwenye kioo cha simu palikuwa na jiwe dogo lililosimama, jua likipita tunduni. Alikuwa hajawahi kuliona. Aliligusa kwa ncha ya kidole, picha ikakua, na jiwe likamsogelea.