Mwisho Alioubadilisha Puseletso

Kila asubuhi Puseletso aliwasha moto wa samadi, akapika uji wa mahindi, akala peke yake. Bibi yake alikuwepo, lakini masikio yake yalikuwa mazito na hakupenda maongezi. Mama yake alifanya kazi za nyumbani Johannesburg, na Krismasi iliyopita hakuja. Hata shuleni hapo Semonkong, kwenye milima ya Lesotho, alikokuwa mgeni, Puseletso hakuwa na wa kucheka naye.

Siku moja Mwalimu Ntsebo alimwita. "Unasoma vizuri wewe. Leo mchana wasimulie watoto wa darasa la kwanza ile tamthilia yetu ya kale. Tumia maneno mepesi, wasije wakasinzia!"

Puseletso aliijua vyema, kwa kuwa hata shule yake ya zamani iliiigiza kila mwaka. Wakati wa njaa, mama mmoja alivuka mlima kutafuta mtama, akafia njiani. Binti yake alimngoja mlangoni, mpaka shangazi akamfunika kwa blanketi na kumpeleka kwake.

Watoto walikaa juani nje ya darasa. Puseletso alipofungua tu kinywa, wote walishika vichwa vyao.

"Dada, hadithi mchana?" aliuliza Nthati, kasichana kadogo kuliko wote. "Wazee wanasema anayesikiliza hadithi mchana huota pembe!"

"Hii si hadithi jamani, ni tamthilia! Haya, mikono chini."

Walimwamini. Akasimulia, nao wakatulia tuli. Lakini alipofika pale binti anapongoja mlangoni, alijiona yeye akingoja. Alimwona mama yake mwenyewe. Hakuweza kumwua yule mama, hata kwa maneno.

"Basi," alisema, "mama akatokea na gunia la mtama kichwani. Akamkumbatia binti yake, wakala wakashiba."

Watoto walipiga makofi. Lo! Puseletso hakukumbuka ni lini mara ya mwisho watu walimfurahia hivyo.

Kengele ya kwenda nyumbani ilipolia, shangazi yake Nthati alikuja kumchukua, asimwone. Wakaanza kumtafuta huku na huko. Puseletso alikimbilia barabarani, na huko kituo cha basi akamkuta ameketi juu ya jiwe, amejifunika blanketi hadi masikioni.

"Nthati! Unafanya nini kwenye baridi hii?"

"Namngoja mama."

Puseletso alishtuka. Mama yake Nthati alizikwa wakati wa theluji, na kijiji kizima kilikuwepo.

"Nani kakwambia anakuja?"

"Si wewe? Ulisema si hadithi. Na hakuna aliyeota pembe, kwa hiyo ni kweli. Mama huwa wanarudi."

Puseletso alitamani kukimbia. Angeweza kumwambia twende, mama yako atakuja kesho. Lakini kesho huyu mtoto angerudi kukaa juu ya jiwe lile lile, na keshokutwa pia. Akaketi kando yake.

"Nilidanganya, mdogo wangu. Yule mama hakurudi. Mama yako pia hatarudi. Mimi ndiye niliyetaka arudi, kwa sababu na mimi namngoja wangu."

Nthati alilia kwa sauti. Puseletso naye alilia, wakajifunika blanketi moja. Hivyo ndivyo Mwalimu Ntsebo na yule shangazi walivyowakuta.

"Nisamehe, mwalimu," alisema Puseletso, kisha akaeleza yote bila kuficha.

Mwalimu alimpangusa machozi kwa ncha ya shali yake. "Nilikuambia urahisishe maneno, mwanangu, sikukuambia ubadilishe ukweli. Ulidhani unawaonea huruma, kumbe ulimpeleka mwenzako kukaa barabarani. Mtoto anaweza kuambiwa jambo zito. Asichoweza ni kulibeba peke yake. Mwambie kweli, halafu usimwache."

Kesho yake, pale pale juani, Puseletso aliisimulia upya. Watoto walishika tena vichwa.

"Hii watu waliitunga," alisema, "lakini majonzi yake tunayo hata sisi."

Safari hii mama hakurudi, na hakuna aliyepiga makofi. Nthati aliinuka, akaja kuketi karibu na miguu ya msimuliaji.

"Na lile blanketi la shangazi, dada," aliuliza polepole, "liliwatosha wote wawili?"

"Liliwatosha," alijibu Puseletso.