Posa ya Sauti ya Kuazima

Jumamosi moja ya mwisho wa Februari, maduka makubwa ya Wheaton, nje kidogo ya Washington, yalikuwa yamefurika watu. Tasnim alikuwa amebeba mifuko miwili ya vitambaa vya mapazia, hijabu yake ya zambarau imemkaa vizuri, na miguu inamuuma kwa zamu ya hospitali ya siku iliyopita. Alipofika kwenye ngazi za umeme akamkuta mzee amesimama hapo, koti la kahawia limempwaya, mkongojo mkononi, mgongo umepinda. Watu wanampita huku na huku.

"Lahaula!" mzee alinung'unika. "Nchi hii hata ngazi zina haraka."

Kusikia Kiswahili, Tasnim akasimama. Alikuwa nesi, tena mtoto wa Kizanzibari, na yote mawili yalimkataza kupita.

"Shikamoo, babu. Nipe mkono tushuke pamoja."

"Marahaba, mwanangu. Mungu akuzidishie."

Wakashuka polepole. Kwa mazoea ya kazi, vidole vya Tasnim vilikuwa vimetua kwenye mshipa wa mkono wa mzee, na mpaka walipofika chini alikuwa ameshakunja uso.

"Babu, una miaka mingapi?"

"Thamanini na miwili."

"Muongo. Mkono huu una miaka thelathini."

"Thelathini na miwili," alijibu mzee, na mara mgongo ukanyooka, akawa kijana mrefu mwenye macho ya kucheka. "Niwie radhi, dada. Mimi ni mwigizaji. Nafanya mazoezi ya mzee. Mtu akinisaidia ndipo najua nimefaulu."

Tasnim alitaka kukasirika, lakini kicheko kilimtangulia. "Nirudishie shikamoo yangu! Are you serious? Umeitikia shikamoo ya watu bila aibu!"

"Shikamoo hairudishwi. Lakini naweza kukununulia chai."

Ndivyo walivyojuana. Jina lake Azhar Fahmi, mzaliwa wa Mombasa aliyekulia Toronto tangu akiwa wa kubebwa. Kwao Kanada alikuwa mtu wa kila kitu. Kwenye televisheni ameshacheza daktari, dereva wa teksi, mlevi na waziri. Ameandika filamu fupi mbili na kuongoza tatu. Sasa ukumbi mdogo wa michezo wa Silver Spring ulikuwa umempa miezi minane, na mchezo aliuandika yeye, anauongoza yeye, na babu wa kwenye mchezo ni yeye pia. Wapo watu Mungu aliowapa kipaji kimoja wakatulia nacho. Huyu alipewa vitatu, na hakuna hata kimoja kilichomfundisha kusema mambo yake mwenyewe.

Mapenzi yao yakapamba moto kwa simu, kwa sababu yeye alikuwa na mazoezi na Tasnim alikuwa na zamu.

"Haloo, hapa ni ofisi ya malalamiko ya mapenzi," Azhar alikuwa akisema kwa sauti ya karani mwenye mafua. "Una shida gani, bibie?"

"Mpenzi wangu hajanipigia tangu asubuhi."

"Tumfukuze kazi?"

"Msimfukuze, jamani. Mnyimeni chai tu."

Kufika Mei, Tasnim akamwambia baba yake. Mzee Abdulghafur alikuwa mjane, ameendesha teksi mjini Washington kwa miaka ishirini na saba, na sasa amestaafu, anaishi na bintiye huyo mmoja kwenye nyumba ya matofali karibu na Georgia Avenue. Alimpenda Azhar tangu siku ya kwanza, kwa kuwa Azhar alikula pilau lake akaongeza.

"Kazi yake sina neno nayo," alisema. "Lakini posa haitembei kwa miguu ya mwenyewe. Alete mzazi. Kama mzazi yuko mbali, anipigie simu tuzungumze kiutu uzima."

Hapo ndipo palipokuwa na mwiba. Azhar na baba yake walikuwa hawajasemezana kwa miaka sita. Mzee Fahmi alimsomesha mwanawe ufamasia, na mwana akauacha mwaka wa tatu akaenda jukwaani. "Mimi sikuvuka bahari nije nizae mchekeshaji," mzee alimwambia, na mlango ukafungwa. Tasnim hakuyajua haya. Azhar alikuwa amemwambia tu kwamba baba yake ni mtu wa maneno machache. Aliona haya. Mtu aliyekataliwa na mzazi wake, nani atampa binti?

Basi alifanya jambo ambalo wewe na mimi tusingelifanya, kwa sababu tusingeliliweza. Aliketi ndani ya gari nyuma ya ukumbi, akapandisha vioo, akachukua simu yake ya pili, ile yenye namba ya Toronto, akakohoa mara mbili, na koo lake likawa la mtu wa miaka sabini.

"Asalaam alaykum. Hapa ni Fahmi, babake Azhar. Naomba kusema na Sheikh Abdulghafur."

"Waalaykum salaam! Ndugu yangu! Nimekungoja kwa hamu!"

Walizungumza dakika arubaini. Posa ikapokelewa, harusi ikapangwa Oktoba. Azhar akazima simu akijiambia kwamba imekwisha. Lakini sauti aliyomtengenezea baba yake ilikuwa nzito, ya ukarimu na mizaha, na Mzee Abdulghafur alikuwa mpweke. Jumanne akapiga yeye. Alhamisi akapiga tena. Azhar alipokea simu hizo chooni, garini, hata katikati ya nguo za jukwaani, huku amejifunika kichwa kwa gauni la malkia. Wazee wakasimuliana habari za wake zao waliotangulia mbele ya haki. Mama yake Azhar alikuwa amefariki kweli, na siku hiyo machozi hayakuwa ya kuigiza.

Agosti, Mzee Abdulghafur alipiga akiwa na sauti ya chini.

"Fahmi, kuna jambo sijamwambia mtu. Moyo wangu mbovu. Mishipa mitatu imeziba. Daktari anataka kunipasua mwezi huu huu, nimemwambia angoje harusi ipite."

Hata hapo sauti ya mzee ndiyo iliyomtoka Azhar. "Mwambie mwanao, Sheikh. Mtoto ni nesi!"

"Ndiyo sababu. Akijua leo, harusi hakuna. Nimwozeshe kwanza, halafu wanipasue watakavyo. Wewe mzazi mwenzangu unanielewa. Niapie hutamwambia mtu."

Na Azhar, bila kujua namna nyingine ya kumaliza simu ile, akaapa.

Siku zilizofuata hakula wala hakulala sawasawa. Akisema, Tasnim atajua kwamba posa yake ilikuwa mchezo. Akinyamaza, mzee anaweza kuanguka jikoni siku yoyote. Ijumaa alialikwa chakula cha mchana, akamwona Mzee Abdulghafur anapanda ngazi na kusimama katikati, mkono kifuani, akijifanya anatazama picha ukutani. Azhar alitazama sahani yake. Alijiona mwizi, tena mwizi anayekaribishwa kitoweo.

Jumapili yake walikwenda mji wa Columbia kutembea kando ya ziwa. Tasnim alivaa gauni jeupe la maua ya bluu na viatu vya raba, amejiandaa kucheka. Simu ya pili ikalia. Azhar akaitoa, akaiona namba, akatembea hatua thelathini mbali. Aliporudi, Tasnim hakuwa anacheka.

"Nani huyo anayepiga simu yako ya Kanada?"

"Mambo ya kazi tu, mpenzi."

"Kazi gani inayokufanya ukimbie? Usinichukulie mjinga, Azhar. Mwezi wa tatu sasa. Ukiona ile simu unabadilika rangi. Ana jina? Ni mke?"

"Si mwanamke."

"Mtoto?"

"Tasnim..."

"Sawa. Nipeleke nyumbani. Mwanamume mwenye simu mbili ana nyumba mbili, mama yangu alikuwa akisema."

Ingekuwa rahisi kuitwa mzinzi. Mzinzi anaachwa, mambo yanakwisha, na siri ya mzee inabaki palepale. Azhar alimwona anageuka kwenda kwenye gari, na akajua kwamba akimwacha aende na kosa hilo la uongo, atakuwa amemuua baba wa watu ili asionekane muongo.

"Ni baba yako," alisema.

"Baba yangu nini?"

"Anayepiga. Yuanidhania mimi ni babangu. Posa niliileta mimi, kwa sauti ya mzee. Babangu hajui hata kama upo. Miaka sita hatusemezani." Maneno yalimtoka yakikanyagana. "Na si hilo tu. Baba yako mgonjwa wa moyo. Mishipa mitatu imeziba, daktari ataka kumpasua, naye aahirisha kwa ajili ya harusi. Nimejua siku kumi."

Tasnim akarudi mpaka mbele yake. Uso wa mpenzi ukaondoka, ukaja uso wa nesi.

"Siku kumi? Juzi alibeba magunia mawili ya mchele kutoka garini, nawe umekaa mezani unakula!"

"Nisamehe."

"Give me the keys. Naendesha mimi."

Aliendesha kasi, macho barabarani. Mbele ya nyumba akashuka, akainama dirishani. "Asante kwa taarifa. Usinipigie. Kwa sauti yako wala ya mtu yeyote."

Jioni hiyo hiyo alimpeleka baba yake hospitali, bila kumwambia alijuaje, na Jumatano wakampasua. Daktari alimwambia Tasnim kwamba lau wangechelewa mpaka Oktoba, yeye binti angekuwa anaagiza sanda. Mzee alipozinduka na kuweza kusema, jambo la kwanza aliomba simu.

"Nimpigie Fahmi nimwambie nimenusurika. Atakuwa na wasiwasi."

Akapiga mara mbili. Mara zote simu iliita mpaka ikakatika. Tasnim alimtazama baba yake akishika ile simu, na hakuweza kungoja apone kwanza. Alimwambia yote. Mzee alisikiliza mpaka mwisho, halafu akaomba azimiwe taa.

Wiki tatu baadaye Azhar aliitwa. Alimkuta Mzee Abdulghafur kwenye kiti cha kulalia sebuleni, amekumbatia mto kifuani kwa ajili ya kidonda. Hakuambiwa aketi.

"Nimezika mke wangu," mzee alisema. "Nimezika kaka zangu wawili. Huyu rafiki yangu nimzike vipi? Hana hata kaburi."

"Nisamehe, baba."

"Usiniite baba. Baba unaye, umemwibia sauti. Nenda kamwambie ulivyomtumia. Halafu mje wote wawili, mnitazame machoni."

Azhar alitoka akaketi garini palepale mbele ya nyumba, akapiga namba ambayo hakuipiga kwa miaka sita.

"Nani?" sauti ilikuwa nyembamba, kavu. Hakuwa ameikumbuka kuwa nyembamba hivyo.

"Azhar, baba."

Nyuma ya ile sauti televisheni ilikuwa inasema. Ikazimwa.

"Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa. Nimekukosea, baba. Nimekuigiza."

"Kwenye sinema?"

"Kwenye posa."

Azhar akaeleza, akilia bila kujizuia. Mzee Fahmi hakumkatiza hata mara moja. Mwishoni akauliza, "Wanatungoja lini?"

Jumapili alasiri ya mwisho wa Septemba, wazee wawili waliketi sebuleni kwa kina Tasnim wakielekeana, halua na kahawa katikati. Mzee Fahmi alikuwa kimtu kidogo mwenye suti ya kijivu iliyopigwa pasi mpaka ikachosha macho. Mzee Abdulghafur alimtazama kwa muda, akimtafuta mtu mwingine ndani yake.

"Yule wa kwenye simu alikuwa mcheshi," alisema.

"Mimi si mcheshi."

"Naona."

Wakanywa kahawa. Azhar aliketi pembeni, mikono katikati ya magoti. Tasnim alikuwa amesimama mlangoni mwa jikoni, kanga begani, hajamtazama Azhar tangu alipoingia.

"Alikwambia nini huyo mimi wa kwenye simu?" Mzee Fahmi aliuliza hatimaye.

"Mengi. Aliniambia alikosea kumfunga mwanawe mlango. Aliniambia kila mwanawe akitokea kwenye televisheni, yeye huwaita majirani waje waone."

Azhar aliinamisha kichwa. Hayo alikuwa ameyatunga katika simu ya nne, au ya tano, na alipoyatunga aliyasema taratibu ili ayasikie vizuri. Sasa alitamani sakafu immeze.

Mzee Fahmi alikiweka kikombe chini. 

"Majirani sikuwaita," alisema. "Nilitazama peke yangu, nimefunga mlango. Lakini zote nilitazama. Na hilo la kwanza ni kweli. Nilikosea." Akamgeukia mwenyeji wake. "Sheikh, wewe hunijui mimi huyu unayeniona. Hata mimi simjui sana mwanangu. Lakini nimekuja mwenyewe. Namposea binti yako."

Mzee Abdulghafur akasema, "Mimi nimesamehe nusu. Nusu ya pili si yangu." Akatazama mlangoni.

"Aniulize mwenyewe," Tasnim alisema. "Na asiigize."

Azhar akasimama. Mtu aliyewahi kuwaliza watu mia tatu kwa usiku mmoja hakujua aweke wapi mikono yake. Sauti iliyomtoka ilikuwa ya kigugumizi, nyembamba kama ya baba yake.

"Tasnim, nilikudanganya wewe, nikamdanganya baba yako, na karibu afe kwa ajili yangu. Sina la kujitetea. Utakubali nikuoe?"

"Nina hasira nawe, Azhar. Si kidogo."

"Najua. Nitangoja ziishe."

"Nani kakwambia ungoje? Nitaolewa nazo hizo hizo."

Mzee Fahmi akainua viganja kuomba dua, na mwenyeji wake akaweka pembeni mto wake wa kidonda akainua vyake. Azhar aliitikia amin pamoja nao, lakini hakuweza kumtazama mtu yeyote usoni.