Saa za Diski Mpya

Dada yangu mkubwa ni fundi wa kompyuta, na haya yalimkuta mchana kweupe, mimi nikiwa palepale kaunta.

Wifi yetu aliingia na laptop mpya, boksi bado lina utepe wa kiwandani. Kaka kamnunulia. Dada, aliyemlea kaka huyo tangu mama afariki, hajawahi kuletewa naye hata leso.

"Wifi, niangalizie diski," alisema. "Wasije wakawa wamenibambikia kuukuu."

"Lete," dada akajibu, akicheka kwa meno tu. Namjua. Moyoni alikuwa anaomba iwe kuukuu.

Wifi akaukata utepe mwenyewe. Dada akawasha, akafungua taarifa za diski. Aina: ile ya kasi, isiyozunguka. Ujazo: kamili. Afya: asilimia mia. Kila mstari ulimchoma. Akashuka hadi kwenye saa ilizokwisha kufanya kazi, mahali ambapo diski mpya huonyesha sifuri au karibu yake.

Saa elfu ishirini na sita, mia tatu na nne.

Uso ukamng'aa. "Umeliwa, wifi! Hii imetumika miaka mitatu."

"Mitatu?" wifi akauliza polepole. "Leo ndiyo tunatimiza miaka mitatu ya ndoa. Hii ni zawadi yake."

Dada akaifungua diski yenyewe. Ndani mlikuwa na faili moja tu, la sauti. Akalibonyeza.

Ilikuwa sauti ya dada mwenyewe. Inanong'ona.

"Asizae. Asizae. Mimba isikae."

Wifi alikuwa ameharibikiwa na mimba mbili.

"Sijawahi kutamka," dada akasema. "Niliwaza tu. Haki ya Mungu, niliwaza tu."

Nikaizima laptop. Sauti ikaendelea. Nikafunga kifuniko. Ikaendelea.

Wifi akatoka bila kuaga, mikono tumboni.

Kaka aliichukua laptop, akaipeleka kwa fundi mwingine. Huyo aliikuta diski tupu, saa sifuri. Lakini alipoifungua, chini ya diski palikuwa na nywele saba, zimefungwa kwa uzi mweusi.

Kaka akatuletea nywele hizo kwenye karatasi, akaziweka mezani. Zilikuwa na mvi mashinani.

Dada akavua kilemba taratibu. Nyuma ya sikio palikuwa na kipara kidogo, laini, cha ukubwa wa kifungo.

Mimi ndiye ninayemsuka. Jumapili iliyopita kipara hicho hakikuwapo.